Sarafu za Babu: Nilivyojifunza Kuzitambua Moja Moja

Ukirithi sarafu za kale, kila anayeziona huuliza kwanza zinauzwaje. Swali hilo halina jibu mpaka lingine lijibiwe: hii ni sarafu ipi hasa? Kusema "ya Mjerumani" au "ya Mwingereza" hakutoshi, na hata mwaka peke yake hautoshi. Inatakiwa ijulikane ilipigwa kiwanda gani, kwa madini gani, na kwa chapa ipi kati ya zilizotumika mwaka ule. Nimekaa na sarafu za babu mzaa baba muda wa kutosha kuamini kwamba utamu wote uko hapo, na kwamba yeyote mwenye kopo la sarafu za wazee wake anaweza kazi hii, mradi awe na subira na mwanga mzuri.

Babu alikuwa mtu wa kutunza. Nyingi alizihifadhi kwenye kopo la bati, nyingine zikiwa zimefungwa ndani ya kitambaa cheupe. Baada ya mazishi shangazi ndiye aliyezilinda, mpaka ukoo ulipokubaliana zikae kwangu. Aliponikabidhi kile kitambaa alisema, "Hizi mwanangu ni rupia za Mjerumani. Babu yako alizipata kwa baba yake." Nikaitikia "Ahsante shangazi", na jioni hiyo nikayaandika maneno yake daftarini jinsi alivyoyatamka. Namshauri mrithi yeyote afanye hivyo kabla ya kushika kioo cha kukuzia. Simulizi ya ukoo inaeleza nani aliishika sarafu. Sarafu yenyewe inaeleza ni nini. Hawa ni mashahidi wawili, kila mmoja ana lake la kusema, na kumlazimisha mmoja aseme ya mwenzake ni kuwapoteza wote wawili.

Kwa mfano, rupia za kwenye kitambaa hazikuwa zote za Kijerumani. Nyingi zilikuwa za India. Wala si ajabu, maana rupia ya India ilikuwa ikitumika Afrika Mashariki tangu karne ya 19, na Wajerumani walipoanza kupiga rupia yao mwaka 1890 waliifanya ilingane nayo kabisa: gramu 11.66, fedha sehemu 917 kwa kila 1,000. Ukizishika gizani hutazitofautisha. Kwa aliyekuwa akiuza na kununua, zote zilikuwa rupia, basi. Kwa hiyo shangazi hakusema uongo. Alirithi jina pamoja na fedha.

Mwangani tofauti inaonekana mara moja. Ya Kijerumani ina sura ya Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Ukigeuza upande wa pili, mambo yanaanza kuwa matamu. Rupia za 1890 hadi 1902 zina ngao yenye simba na mtende, na maandishi DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT, yaani zilitolewa kwa jina la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kuanzia 1904 ngao haipo tena. Kuna thamani ndani ya shada la majani na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, jina la koloni lenyewe, kwa kuwa sasa mtoaji ni serikali. Mtu aliyesema ana "rupia mbili za Kaisari" huenda ana sarafu za watoaji wawili tofauti, na za mahesabu mawili tofauti pia. Wakati wa kampuni rupia ilikuwa pesa 64, kama rupia ya India ilivyokuwa paisa 64. Tangu 1904 ikawa heller 100.

Za India nazo zina ngazi zake. Anza na maneno yanayozunguka kichwa cha Victoria. VICTORIA QUEEN ni ya hadi 1876, na VICTORIA EMPRESS ni ya kuanzia 1877, baada ya yeye kutangazwa kuwa Kaisari wa India. Rupia za mwaka 1840 zina aina mbili kubwa. Katika moja maandishi yanapita juu ya kichwa bila kukatika, katika nyingine yamegawanyika kushoto na kulia. Na ukikutana na rupia ya mwaka 1911 yenye sura ya George V, itazame kwa makini kifuani. Tembo mdogo aliyechongwa kwenye vazi la mfalme alitoka na mkonga mfupi kiasi kwamba watu walimwona nguruwe. Waislamu walichukizwa, sarafu zikaondolewa, na mwaka 1912 tembo akachongwa upya. Nilikuwa naitafuta hiyo kwa hamu kwenye kitambaa cha babu. Haikuwamo, ila kwa kuitafuta nilijifunza kutazama sehemu ndogo ambazo jicho huziruka.

Vifaa havihitaji kuwa vingi. Mimi natumia kioo cha kukuzia cha mara 10, mizani ndogo ya aina wanayotumia masonara, rula yenye milimita, sumaku, na taa moja ya mezani. Cha maana kuliko vyote ni taa, na ni jinsi unavyoiweka. Taa ikiwa juu kabisa ya sarafu iliyochakaa, hutaona kitu ila mng'ao. Ishushe mpaka mwanga uje kutoka ubavuni, karibu ulalie meza, kisha taa ibaki pale na uzungushe sarafu polepole. Mwaka uliokuwa umefutika utajitokeza kwa kivuli chake. Tarakimu huonekana kwa pembe moja na kupotea kwa nyingine, kwa hiyo zungusha mduara mzima kabla ya kukata tamaa. Ukipata pembe nzuri, piga picha kwa simu palepale na uikuze kwenye kioo chake. Mara nyingi macho yatakubaliana na picha kabla ya kukubaliana na sarafu.

Shika kingo, usishike uso. Na usisafishe. Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu sarafu nyingi za urithi zimeharibiwa na mapenzi. Mtu anafurahi kuzipata, anataka zing'ae kama siku zilipotoka kiwandani, anazisugua kwa majivu, kwa limau, au kwa dawa ya kung'arishia vyombo vya shaba. Kinachotoka si uchafu peke yake, ni ngozi ya juu ya sarafu. Alama zile ndogo zinazotenganisha aina na aina zina kina kidogo mno, na ndizo zinazotangulia kufutika. Limau ni asidi, inakula shaba. Sarafu iliyosuguliwa hupata mng'ao wa uongo wenye mikwaruzo midogo inayokwenda upande mmoja, na hakuna njia ya kuirudisha ilivyokuwa. Kama kuna udongo umegandia juu ya mwaka, loweka kwenye maji yasiyo na chumvi wala madini, yale ya kuongezea kwenye betri kabla hayajachanganywa na asidi, kisha igandamize kwa kitambaa laini bila kusugua. Kama udongo hautoki, uache. Rangi ya kahawia au nyeusi iliyotulia juu ya shaba ni kinga yake. Unga wa kijani unaomomonyoka ndio ugonjwa, na sarafu yenye unga huo iwekwe mbali na nyingine mpaka uipeleke kwa mjuzi.

Baada ya rupia niligeukia shaba ndogondogo. Heller 1 ni sarafu ya milimita 20, gramu 4 hivi, na wazee wengi waliachiwa nyingi. Watu huziona zote sawa. Tafuta herufi moja ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg. Miaka 1904, 1905 na 1906 viwanda vyote viwili vilipiga heller 1, kwa hiyo mwaka mmoja una sarafu mbili. Mwaka 1908, Hamburg peke yake. Nilizipanga mezani kwa mwaka, halafu ndani ya mwaka nikazipanga kwa herufi, na kilichoonekana kuwa rundo moja la vitu vinavyofanana kikawa safu yenye mapengo, na mapengo hayo yakawa maswali. Heller 5 za 1908 na 1909 huwezi kuzikosea, ni bamba zito la shaba la milimita 37 na gramu 20. Baadaye heller 5 ikabadilika kabisa: za 1913 na 1914 ni ndogo, nyeupe, za mchanganyiko wa shaba na nikeli, na zina tundu katikati. Jina lile lile, thamani ile ile, lakini ukiziweka pamoja huwezi kudhani zina ukoo mmoja.

Sasa nije kwenye zile ninazozipenda kuliko zote, za Tabora.

Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, meli za Waingereza zilifunga bahari na sarafu kutoka Ujerumani hazikufika tena. Askari na wapagazi walitakiwa kulipwa, masoko yalihitaji fedha ndogo. Utawala wa Wajerumani ulikuwa umehamia Tabora, na pale kulikuwa na karakana ya reli yenye mashine na mafundi. Karakana hiyo ikageuzwa kuwa kiwanda cha sarafu. Mwaka 1916 zikatoka heller 5 za shaba ya njano, heller 20 za shaba ya njano na nyingine za shaba nyekundu, na rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye picha ya tembo. Zote zina herufi T. Haikuchukua muda, Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora.

Kwa kuwa mihuri ya kupigia ilichongwa kwa mkono na kwa haraka, haikufanana. Ndiyo maana heller 20 ya Tabora ni shule nzima ya kutambua aina. Kwanza tazama madini: njano au nyekundu? Usiamini rangi ya uso, maana shaba ya njano iliyokaa miaka mia moja inaweza kuwa ya kahawia kabisa. Tafuta mahali palipokwaruzwa zamani au pembe ya ukingo. Pili, tazama taji juu ya mwaka 1916. Kuna taji kubwa na kuna taji dogo. Ukiwa na moja tu mkononi ni vigumu kusema ni kubwa au dogo kuliko lipi, kwa hiyo pata picha za zote mbili uzilinganishe. Tatu, geuza upande wenye neno HELLER na uzitazame L mbili. Katika muhuri mmoja, ncha ya L ya pili imejikunja. Katika mwingine, ncha za L zote mbili zimechongoka. Katika wa tatu, ncha za zote mbili zimejikunja. Taji na L vikikutana na madini, unapata orodha ndefu ya aina kutoka kwenye sarafu moja ya mwaka mmoja. Heller 5 ya Tabora nayo ina taji la aina mbili: lenye msingi bapa, na lenye msingi wa umbo la yai.

Za babu zilikuwa mbili, zote heller 20 za shaba ya njano. Ya kwanza ina taji dogo, na L zake zimechongoka. Niliposhuhudia hilo chini ya kioo nilihisi furaha ambayo ni vigumu kumweleza asiyeijua. Fundi fulani pale karakanani, ambaye hakuna aliyeandika jina lake kwenye sarafu, aliishika patasi yake ya kuchongea chuma na kuimaliza ile L kwa ncha badala ya mkunjo, na mkono wake bado unaonekana. Sarafu za Berlin na Hamburg hazikupi hilo. Mashine zao zilikuwa bora mno.

Rupia 15 ya dhahabu hatukurithi, lakini nitaitaja kwa ajili ya watakaoikuta. Ina aina mbili, na tofauti iko kwenye nakshi ya upande wa kulia: katika moja inaishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA, katika nyingine inaishia chini ya A inayofuata. Imeigwa mno. Yeyote anayedhani anayo na aipime uzito na kipenyo kwanza, kisha aipeleke kwa mtu mwenye kuaminika kabla ya kumwambia jirani.

Ndani ya kopo kulikuwa pia na shaba nyekundu za mwandiko wa Kiarabu, na hapa waliosoma madrasa wanatangulia. Kuna sarafu mbili zenye picha ya mizani zinazochanganywa kila siku. Ya Zanzibar, ya enzi ya Sultani Barghash, ina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili na mwaka wa Hijria 1299 au 1304. Ya Mombasa ina mizani upande mmoja na maandishi ya Kiingereza upande wa pili yanayotaja Imperial British East Africa Company, pamoja na mwaka 1888. Kwa hiyo usiishie kwenye mizani, geuza. Ya tatu inayofanana nazo kwa ukubwa ni pesa ya kampuni ya Kijerumani, yenye tai upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, ya 1890 hadi 1892. Hiyo ina miaka miwili, wa Masihi na wa Hijria: 1307, 1308 au 1309.

Kwa wasiosoma tarakimu za Kiarabu, jifunze kumi tu na utafungua mlango mkubwa. Kinachowapoteza wengi ni kwamba tano huandikwa kwa duara, ٥, nao wakaisoma kuwa sifuri, ilhali sifuri ni nukta tu. Saba imefunguka juu, ٧, na nane imefunguka chini, ٨. Ukishika sarafu kichwa chini, hizo mbili zinabadilishana nafasi. Kupata mwaka wa Masihi kwa kukadiria, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 halafu ongeza 622. Kwa 1299 utapata 1882. Kwa 1304 utapata karibu 1887. Hesabu hii inaweza kupishana kwa mwaka mmoja kwa sababu mwaka wa Hijria huanza katikati ya mwaka mwingine, lakini inatosha kukuweka kwenye enzi sahihi.

Rundo kubwa zaidi lilikuwa la senti za Waingereza, zile za tundu zenye pembe za ndovu. Wengi huzipuuza kwa sababu ziko nyingi. Mimi nadhani ndizo bora kwa mtu anayeanza, kwa sababu ni nyingi, na zina mafunzo yote.

Soma jina la nchi. EAST AFRICA & UGANDA PROTECTORATES ni za kabla ya 1920. EAST AFRICA peke yake ni za 1920 na kuendelea, chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1919 na kukaa London. Kati ya zile za mwanzo, senti 1 za 1907 na 1908 na nusu senti ya 1908 ni za alumini, nyepesi hata ukidhani umeshika kifungo cha shati. Kuanzia 1909 zikawa za shaba na nikeli. Alumini haikuvumilia, na nyingi zilizobaki zimeliwa na vishimo vidogo.

Mwaka 1920 ni mwaka wa kusimama. Thamani ya rupia ilipanda ghafla baada ya vita, utawala ukaleta fedha mpya, florini, na mara ikaondolewa, shilingi ikachukua nafasi kuanzia 1921. Kwa hiyo florini unayoweza kuikuta ni ya 1920, ikiwa na fedha sehemu 500 kwa 1,000. Ipo isiyo na herufi, ipo yenye H, na ipo yenye A. Herufi hiyo A isikuchanganye na A ya Berlin. Herufi ileile ina maana nyingine ikiwa kwenye sarafu ya mtoaji mwingine, na kanuni hii itakusaidia kila mahali. Kama una sarafu ya 1920 yenye maneno FIFTY CENTS pamoja na ONE SHILLING, iweke peke yake na uitafutie mjuzi, maana ni adimu.

Kwenye sarafu za shilingi na senti za baadaye, herufi ni hizi: H ni kiwanda cha Heaton huko Birmingham, KN ni King's Norton, pia Birmingham, SA ni Pretoria, na I ni Bombay. Bila herufi ni London. Zisome pamoja na miaka yake utaiona Vita ya Pili ya Dunia ikipita ndani ya kopo. Shilingi ya 1937 ina H. Za 1941 na 1943 zina I. Za 1945 na 1946 zina SA. Sehemu ya kazi ya kupiga sarafu zetu iliondoka Uingereza iliyokuwa vitani ikaenda India na Afrika Kusini. Babu hakuwahi kuvuka bahari, lakini shilingi zake zilitoka mabara matatu.

Shilingi hizo za simba na milima zina jambo jingine. Hadi 1946 zina fedha robo, yaani sehemu 250 kwa 1,000. Kuanzia 1948 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Zilizochakaa za mwanzo mara nyingi huonyesha wekundu au unjano kwenye sehemu zilizoinuka, kama shavu la mfalme na mgongo wa simba, kwa kuwa fedha ya juu imelika na shaba imechungulia. Za baadaye hubaki na rangi ya kijivu ileile popote. Na soma maneno ya mfalme. Kabla India haijapata uhuru mwaka 1947, George VI anaitwa mfalme na pia Kaisari wa India. Kwenye shilingi za 1948 na kuendelea, imebaki GEORGIVS SEXTVS REX tu.

Sarafu niliyoipata kwenye rundo hili na kuiweka peke yake ni senti 10 ya 1936. Nyingi za miaka hiyo zina jina la GEORGIVS. Hii ina EDWARDVS VIII. Mfalme huyo alitawala chini ya mwaka mmoja, akaacha kiti Desemba 1936 kabla ya kuvikwa taji, na Waingereza nyumbani kwao hawakupata sarafu yenye sura yake mfukoni. Sisi tulipata jina lake kwenye senti 5 na senti 10, kwa sababu sarafu ya tundu haihitaji sura ya mfalme, jina linatosha, na kiwanda kilikuwa tayari kimeshapiga. Si adimu sana, zilipigwa nyingi. Lakini mtoto yeyote akionyeshwa jina hilo na akaelezwa, hawezi kulisahau.

Kwa kumaliza safu: senti za Elizabeth zilianza 1954, na mwaka 1964 zikatoka senti 5 na senti 10 zisizo na jina la mtawala yeyote, EAST AFRICA tu, uhuru ukiwa umeshapatikana na benki kuu zetu zikiwa bado hazijazaliwa. Miaka miwili baadaye, 1966, kila nchi ikawa na yake. Hata hizo zina aina: sarafu za Kenya za Mzee Jomo Kenyatta za 1966 hadi 1968 hazina maandishi kuzunguka sura yake, na za 1969 na kuendelea zinayo, zikimtaja kuwa rais wa kwanza.

Imebaki moja kubwa, reale ya Maria Theresa. Karibu kila reale utakayoikuta ina mwaka 1780, hata iliyopigwa karne ya 20. Malkia huyo wa Austria alifariki 1780, na wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na pwani yetu waliiamini sura ile kiasi cha kukataa nyingine, hivyo viwanda vikaendelea kuipiga bila kubadili mwaka. Imepigwa Vienna, Venice, Roma, London, Paris, Brussels, Birmingham na Bombay. Kwa hiyo mwaka hausemi chochote. Anza na mizani: gramu 28.07, pungufu kidogo kwa uchakavu. Ikipungua sana, tia shaka. Kisha ukingo, ambao unapaswa kuwa na maandishi IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka pamoja na nakshi, na mstari wa kiungo kama wa kitu kilichomiminwa kwenye kalibu usiwepo. Halafu ndipo uingie kwenye manyoya ya mkia wa tai na kipini cha begani mwa malkia, sehemu ambazo wataalamu hutumia kutenganisha kiwanda na kiwanda. Kazi hii ni nzito, na nitasema wazi kwamba kwa reale ni bora kumwendea mjuzi. Ya babu ina pete ndogo iliyochomelewa juu, bila shaka iliwahi kuvaliwa shingoni. Wakusanyaji watasema imeharibika. Shangazi alipoiona mkononi mwangu alitaja jina la mwanamke aliyeivaa, nami nikaliandika.

Leo kila sarafu ina bahasha yake ya karatasi, maana plastiki laini hutoa ute unaoozesha shaba. Juu ya bahasha nimeandika kwa penseli kabla ya kuitia sarafu ndani: mtoaji, thamani, mwaka, herufi ya kiwanda, madini, uzito, kipenyo, na alama inayoitenganisha na ndugu zake. Chini yake, kwa mstari wake peke yake, yameandikwa maneno ya shangazi. Pale ninapokuwa na hakika nimeandika kwa hakika, na pale alama isipoonekana nimeandika "haionekani". Ndugu zangu wakitaka kugawana, kila mmoja atachukua bahasha akijua kilichomo.

Kazi iliyobaki ni ile heller 20 ya pili ya Tabora. Taji lake ni kubwa, hilo halina ubishi. L ya kwanza imechongoka. L ya pili imekaa chini ya kovu la zamani, na kwa taa ya ubavuni naona ncha yake ikianza kupinda, kisha inapotea. Kwenye bahasha nimeandika taji kubwa, shaba ya njano, L ya pili haijathibitishwa. Nimeomba mwenye kioo cha kukuza zaidi ya changu aniazime.